Chumba cha Nyasa

Tulipomzika bibi yangu, Bibi Kasiana, mwaka jana wakati wa baridi, wasifu wake ulisomwa na binamu yangu ambaye ni mwalimu, kwa sababu ana sauti ya kufika mbali. Alisoma alikozaliwa na alikobatizwa, akasoma ndoa, watoto, wajukuu na vitukuu, akasoma ugonjwa wa mwisho na jinsi tulivyohangaika nao. Katikati ya hayo palikuwa na sentensi moja iliyosema kwamba marehemu alijitolea kuwahudumia wagonjwa na wageni. Binamu yangu akaipita, akavuta pumzi, akaendelea. Simlaumu. Wasifu wa msibani una urefu wake, na watu walikuwa wamesimama kwenye ukungu tangu asubuhi. Lakini mimi, niliyekuwa nimeketi mkekani na wanawake wa ukoo, nilibaki kwenye sentensi ile wakati wenzangu wameshafika kwenye shukrani kwa madaktari na manesi. Niliwahi kuishi ndani ya sentensi ile mwaka mzima. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na niliingia humo nikiwa nimenuna.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Songea, matokeo yakaja, na hayakuwa matokeo ya kunipeleka popote. Baba akaona kuliko nikae bure mjini niende milimani kwa Bibi nikamsaidie kazi. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati lililoanza kushika kutu, juu kidogo ya njia inayoshuka kwenda hospitali ya misheni. Ilikuwa na sebule ndogo, chumba chake, chumba ambacho nilidhani kingekuwa changu, na jiko la nje lenye kuta nyeusi kwa moshi. Halafu upande wa mbele kulikuwa na chumba kirefu chenye mlango wake wenyewe, alichokijenga marehemu Babu kwa ajili ya kuweka kahawa iliyokwisha kukauka ikisubiri kupelekwa kwenye chama cha ushirika. Babu alipofariki, Bibi alikifagia, akatandika nyasi kavu na mikeka, akawa anawalaza humo watu waliokuja kuuguza wagonjwa wao na hawakuwa na ndugu hapo kijijini. Karibu wote walikuwa watu wa ziwani, Wanyasa waliopanda mlima kwa miguu kutoka ufukweni, na kwa sababu hiyo majirani walikiita chumba kile Nyasa. Ungesikia mtu anauliza, "Leo Nyasa kumejaa?" na mwingine anajibu kwamba wamelala mpaka mlangoni. Jioni niliyofika mimi kulikuwa kumejaa, na mama mmoja mwenye mapacha alikuwa amewekwa kwenye kile chumba nilichodhani ni changu. Bibi alinipokea mzigo, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Umekuja, mke mwenzangu. Utalala na mimi. Unakoroma?"

Nilipojibu kwamba sikoromi, alisema basi tutaelewana, kwa sababu yeye anakoroma.

Nikiukumbuka mwaka ule leo, kitu cha kwanza kinachonijia ni sufuria ya uji. Ilikuwa kubwa, imebonyea upande mmoja, na kazi yangu ilikuwa kuikoroga asubuhi kabla jua halijapenya ukungu, wakati vidole bado vina ganzi kwa baridi. Wageni walikunywa, halafu kila mmoja alibeba wa mgonjwa wake kwenye kopo lenye mfuniko, tukashuka pamoja kwenda hospitali kama watu wanaokwenda kanisani. Bibi hakuwa na mgonjwa wake. Aliingia wodini, akawaamkia manesi, akauliza nani amelala bila mtu. Palikuwapo siku zote mtu wa namna hiyo, mzee ambaye watoto wake wako mbali, au mama ambaye ndugu zake wamechoka wakarudi shambani. Bibi alimwosha uso, akamgeuza, akamlisha taratibu huku akimsimulia habari za mvua na bei ya chumvi. Manesi walimzoea kiasi cha kumtuma. Hakuwa na cheo chochote, hakulipwa, na sikumbuki hata siku moja akiiita ile kazi kwa jina. Aliposhuka asubuhi alisema tu, "Naenda chini." Mchana tulikwenda shambani kama watu wengine wote, na jioni tulisonga ugali wa mahindi na kupika maharage na majani ya maboga, na wageni wakatoa walichokuja nacho, hasa usipa, wale dagaa wa ziwani, waliofungwa kwenye kitambaa. Sikuwa nimezoea harufu ile, na ilikaa kwenye nguo zangu mpaka kanisani. Wageni wengi walikuwa Waanglikana na sisi ni Wakatoliki, hivyo kabla ya kula palikuwa na sala mbili, ya kwao na ya kwetu, na chakula kikapoa. Wao waliongea Kinyasa, sisi Kimatengo, na tulipotaka kusikilizana tulivuka wote kwenye Kiswahili, kila mtu na lafudhi yake.

Mgeni aliyenibadilisha mawazo alikuwa Esta. Alikuja mwanzoni mwa masika, na alikuja nyuma ya machela. Binti yake, Neema, alikuwa ameteleza kwenye mawe ya ufukweni wakati wa kuchota maji na kuvunjika mfupa wa paja, na wanaume wa kijiji chao, kule mbele ya Mbamba Bay, walimbeba kwa kupokezana mpaka juu. Walipomfikisha wodini walikula ugali kwa Bibi, wakalala, asubuhi wakateremka kurudi kwenye nyavu zao, na Esta akabaki peke yake na mtoto aliyening'inizwa mguu kwa kamba na uzito. Daktari alimwambia itachukua muda mrefu. Alikuwa amenizidi miaka michache tu, mjane tayari, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi. Siku za kwanza alilia. Alipomaliza kulia alianza kunicheka, kwa sababu nilikuwa nashika usipa kwa ncha za vidole. Alinifundisha kuwakaanga bila mafuta kwenye chungu kikavu mpaka wakawa wanavunjika kama majani makavu, halafu kuwatia nyanya na ndimu, na siku hiyo nilikula nikasahau kwamba nachukia. Mimi nilikuwa nampelekea Neema uji wakati Esta anafua, nikawa nakaa kando ya kitanda namfundisha kusoma kwa gazeti la zamani. Mtoto aliuliza maswali bila kuchoka. Aliwahi kuniuliza kwa nini watu wa milimani hawana ziwa, na walimkosea nani.

Mwaka huohuo mambo ya kahawa yalikuwa yanabadilika. Tangu tuzaliwe, kahawa ilikuwa na mlango mmoja wa kutokea, nao ni chama cha ushirika. Sasa tukasikia kwamba soko ni huria, wanunuzi binafsi wameruhusiwa, na kweli magari mageni yakaanza kupanda na kushuka barabara ya Mbinga, na vijana waliovaa viatu vya mtumba vilivyong'aa wakapita nyumba kwa nyumba wakipima kahawa uani. Madukani kulikuwa na sabuni za rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Watu walifurahi na kuogopa kwa pamoja. Chama cha ushirika kilipungukiwa kahawa, kikapunguza watu, na mmoja wa waliopunguzwa alikuwa mtoto wa kwanza wa Bibi, Baba Mkubwa Longino. Alikuwa karani wa ghala la ushirika hapo kijijini kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu mfukoni, na watu walizoea kumsubiri. Siku moja akatoka kwenye nyumba ya ushirika na mke na watoto na masanduku, akahamia kwenye nyumba yake ya shambani karibu na kwa Bibi, na kwa muda hatukumwona akitoka. Nilimpelekea maziwa ya mgando nikamkuta ameketi sebuleni amevaa shati lake la kazini, hana anakokwenda. Baadaye mnunuzi mmoja binafsi akamwomba awe wakala wake, akusanye kahawa ya wakulima mpaka gari litakapokuja. Hapo akapata uhai tena. Kitu kilichokosekana ni mahali pakavu pa kuiweka.

Kikao cha ukoo kilifanyika sebuleni kwa Bibi Jumapili baada ya misa. Mimi nilikuwa chumbani, upande wa pili wa ukuta, nikichambua maharage, na kuta zile zilikuwa hazifichi kitu. Baba Mkubwa hakuongea kwa ubaya, na ningependa hilo lieleweke. Aliongea kama mtu aliyefanya mazoezi ya maneno yake njiani. Alisema chumba kile kilijengwa na baba yao kwa ajili ya kahawa, na yeye ndiye mkubwa, na ana watoto wanaosoma, na hana kazi nyingine. Alisema wageni ni wengi mno, Mama amezeeka, na hospitali ni ya misheni, siyo ya ukoo wetu. Baba wadogo na shangazi walikohoa. Mmoja alisema kwamba ni kweli, hata yeye amekuwa akijiuliza. Shangazi yangu mdogo aliuliza hao watu watalala wapi na mvua hizi, akaambiwa si swali la kikao. Nilisubiri Bibi aseme. Nilikuwa nimemsikia akimkemea mganga mkuu mbele ya watu kwa sababu ya blanketi chafu, na nilitegemea atamkemea mwanawe pia. Alikaa kimya kiasi kwamba niliacha kuchambua ili nisikie vizuri.

"Chumba ni chako," alisema. "Baba yenu alikijenga kwa kahawa, hujasema uongo. Watu ni wangu."

Akainuka, akawauliza kama watakunywa chai.

Kesho yake magunia yakaanza kuingia. Wageni wakahamishwa wakaingia kwenye chumba cha Bibi na kile kingine, wanaume wakalala sebuleni, na Bibi na mimi na Esta tukahamia jikoni, kwenye sakafu ya udongo, tumepanga miguu kuelekea mafiga. Moshi uliwasha macho na upepo ulipita chini ya mlango. Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nilimkasirikia Baba Mkubwa, lakini nilimkasirikia zaidi Bibi kwa kukubali, na siku moja tulipokuwa tunapalilia shamba la ngoro, yale mashimo yetu tunayochimba mteremkoni ili mvua isichukue udongo, nilimwambia. Nilimwambia angeweza kukataa. Angeweza hata kusema neno moja tu la kumwumiza, maana wazee wanayo maneno ya namna hiyo. Bibi aliendelea na jembe mpaka akamaliza tuta alilokuwa nalo. Kisha akaketi kwenye ukingo wa shimo, akanyoosha miguu yake iliyojaa udongo, akanisimulia jambo ambalo nadhani alikuwa hajamsimulia mtu.

Zamani, alisema, hawakuwa wanakaa hapa. Walikuwa kijiji cha Kitura, yeye na Babu, wageni katika ndoa, na mtoto wao wa kwanza alikuwa hajaanza kutambaa. Mtoto akapata homa ambayo haikushuka, akaacha kunyonya. Babu alikuwa amekwenda kibarua mbali kwenye mashamba ya mkonge. Bibi alimfunga mtoto mgongoni akatembea mpaka hapa misheni, ambapo wakati huo palikuwa na zahanati ndogo tu ya masista. Walimpokea mtoto, lakini mahali pa mama kulala hapakuwapo. Alilala chini ya ukingo wa paa, na mvua ilikuwa ya masika. Asubuhi mwanamke mmoja mtu mzima aliyepita na mzigo wa kuni alimwona anakamua maji kwenye kanga yake. Hakumwuliza ukoo wake wala anatoka wapi. Alimwambia tu ashike upande mmoja wa mzigo wa kuni. Akampeleka kwake, akamwondolea magunia ya mahindi kwenye ghala lake, akamtandikia. Bibi alikaa pale mpaka mtoto alipoanza kunyonya tena, na siku ya kuondoka alitaka kumpigia magoti kumshukuru, mwanamke yule akasema ana haraka, mbuzi wake wamefunguka.

"Huyo mtoto ni Baba Mkubwa," nilisema.

"Ndiye."

Nikamwambia basi kwa nini hakusema kwenye kikao. Ingemaliza mambo papo hapo, kila mtu angenyamaza. Bibi alinitazama kama alivyonitazama jioni ile niliyofika, toka juu mpaka chini, kama vile anapima nitafaa kwa kazi gani.

"Angekubali," alisema, "na angeona aibu kila anapopita mlango ule mpaka afe. Mimi sikumzaa nije nimdai ugonjwa wake. Usimwambie ili akubali, Gauda. Akishakubali mwenyewe, utamwambia siku ukiona inafaa."

Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliona huo ni upumbavu. Leo nina wajukuu, na nimeshakaa vikao vingi vya ukoo, na nimeshaona watu wakishinda kwa maneno yaliyowaharibia ndugu zao kwa maisha yote. Sijawahi kuona tena mtu aliyekuwa na neno kama lile mkononi akaliacha likae.

Mvua ziliendelea. Jikoni kulivuja upande wa Bibi, akahamisha mkeka, kukavuja na huko alikohamia. Alianza kukohoa kikohozi kikavu, halafu kikawa kizito, na bado kila asubuhi alisema anaenda chini. Siku moja alipokuwa anamlisha mzee mmoja wodini kijiko kilimdondoka. Nesi aliyekuwa karibu alimshika mkono akaona unaungua. Wakampa kitanda hapohapo, kwenye wodi aliyokuwa akiizunguka, kwa nimonia ya mapafu yote mawili, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka sijui mingapi Bibi Kasiana alikuwa mgonjwa anayehitaji mtu wa kumwuguza.

Nilishika kazi zake nikagundua sizijui. Uji uliungua. Wageni wawili waligombania blanketi, na nilipojaribu kuamua wote wawili walinikasirikia. Esta ndiye aliyeokoa nyumba. Alifunga kanga kiunoni akagawa kazi kama nahodha: wewe kuni, wewe maji, wewe unashuka kwa Mama saa hizi na mwenzako anakupokea mchana. Watu wa ziwani walimwuguza Bibi kwa zamu. Walimwosha, walimgeuza, walimtengenezea mchuzi wa samaki mwembamba bila chumvi nyingi, na kwa kuwa Bibi aliwazoea aliwapa amri akiwa na homa. Alimwambia Esta kwamba anamgeuza vibaya. Neema, ambaye mguu wake ulikuwa umefunguliwa na alikuwa anajifunza kutembea kwa magongo, alipewa kazi ya kukaa naye na kumhesabia matone ya mvua kwenye bati, jambo ambalo halikuwa na faida yoyote isipokuwa liliwafurahisha wote wawili.

Baba Mkubwa alikuja siku ya kwanza akasimama miguuni mwa kitanda na kofia mkononi. Alikuja ya pili na ya tatu. Aliwatazama wale wanawake wakimhudumia mama yake, wanawake aliowatoa chumbani, na wao walimwamkia vizuri tu, "Shikamoo, Baba," wakampa kiti. Nadhani kama wangemnunia ingekuwa rahisi kwake. Halafu mchana mmoja nilikuwa nimechuchumaa upande wa pili wa kitanda nikikausha sakafu, na yeye na mama yake walisahau kwamba nipo, au hawakujali.

Bibi alikuwa ameanza kupata nafuu, sauti bado nyembamba. Alimwuliza kahawa inaendeleaje. Akasema inaendelea. Akamwuliza kama chumba kinatosha. Akasema kimejaa. Bibi akapumzika kidogo kisha akasema kwamba ghala la ushirika liko nusu tupu, anasikia wanalipangisha kwa mtu yeyote sasa, hata kwa wanunuzi binafsi.

"Najua," Baba Mkubwa alisema.

"Ulijua tangu mwanzo."

Alikuwa anazungusha kofia kwenye vidole. "Mama, pale nilikuwa na meza," alisema. "Watu walikuwa wananisubiri nje mpaka nimalize. Sasa nikasimame mlangoni na mimi nisubiri? Yule kijana aliyebaki kwenye meza nilimfundisha mimi kushika kalamu. Nikamwombe kona?"

Hapo nilielewa kwamba hakuwa amekitaka kile chumba kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Alikitaka kwa sababu kilikuwa mahali pekee duniani ambapo asingehitaji kuomba. Na Bibi alikuwa amelielewa hilo tangu kwenye kikao, nyuma ya ule ukimya, wakati mimi nilikuwa nalala naye jikoni na sikuona kitu.

"Mimi nimeomba maisha yangu yote," Bibi alimwambia. "Nimeomba kuni, nimeomba chumvi, nimemwomba padri mabati, nimewaomba hawa manesi sabuni mpaka wakiishiwa wanajificha wakiniona. Ukiomba unasikia vibaya mpaka unapofika mlangoni. Ukishaingia unakuta ni mtu tu yuko ndani." Akakohoa, Baba Mkubwa akamwinua akamshika mgongo. Alipotulia alisema, "Nikitoka hapa tutakwenda wote. Mimi nitakaa nje. Nina watu wengi wa kusalimia barabarani."

Na walikwenda. Bibi alikuwa ametoka hospitali karibuni na alitembea kwa fimbo, amejifunga kanga mbili na sweta la mtumba, na mimi nilitumwa kubeba kigoda chake. Ghala lilikuwa jengo refu la mawe lenye mlango wa mabati. Bibi aliketi kwenye kigoda chake kando ya ngazi, na kila aliyepita alimpa Shikamoo, naye Bibi akamwuliza habari za mtoto wake fulani, mguu fulani, mimba fulani. Baba Mkubwa alisimama kwenye ngazi akarekebisha kola. Alipanda hatua moja, akageuka kumtazama mama yake. Bibi alikuwa anaongea na mtu mwingine, hakumtazama, na najua alifanya makusudi. Akaingia. Mimi nilisikia sauti za ndani, kiti kikivutwa, kisha mtu akicheka kicheko cha mshangao na kusema, "Mzee, mbona umesimama, karibu huku ndani." Alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na yule kijana, na kijana ndiye aliyekuwa anaongea huku yeye akitikisa kichwa, kama zamani. Kumbe walikuwa wanakwama kwenye hesabu za stoo tangu aondoke na waliona haya kumwita. Njiani kurudi Bibi hakusema lolote kuhusu ghala. Alilalamika kwamba kigoda kinamwumiza.

Magunia yalihamishwa kwa mkokoteni kwenda ghala la ushirika, na yale ya mwisho yalibebwa vichwani na wageni wenyewe, Esta mbele. Baba Mkubwa ndiye aliyefagia chumba. Alifagia vizuri, kwenye pembe, kisha akaenda akakata nyasi kavu akazileta. Siku hiyo jioni alikula nasi kwa mara ya kwanza tangu apunguzwe kazini. Alisubiri sala zote mbili, na alipopewa usipa alikula kwa ncha za vidole kama mimi zamani, Esta akanifinya mguu pale mkekani ili nisicheke.

Neema alipoweza kutembea bila magongo, nilikwenda nao mpaka kule ambapo milima inakatika na njia inaanza kuteremka. Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa. Lilikuwa chini yetu mbali, la buluu iliyokolea, limelala mpaka ng'ambo ambako milima ya Malawi ilionekana kama moshi. Neema aliniambia kwamba lile lote ni lao, lakini naweza kuja kuchota. Esta hakuniaga kwa maneno mengi. Alinipa chungu chake cha kukaangia, akamtanguliza mtoto, na nikawatazama mpaka kanga zao zikapotea kwenye miti. Mwaka uliofuata nilipata nafasi kwenye chuo cha uuguzi, kwa barua ya manesi walewale waliokuwa wakimkwepa Bibi, na sikuishi tena kwenye nyumba ile.

Siku mbili baada ya mazishi, watu walipopungua, niliketi na Baba Mkubwa kwenye ngazi ya mbele. Sasa ni mzee sana, anasikia kwa sikio moja. Tulikuwa tunaongea habari za marehemu bila mpangilio, na akaniuliza kama najua ni lini hasa mama yake alianza mambo ya kupokea wageni, kwa sababu yeye alikua akiyakuta tu, na amesikia wasifu ukisomwa na hakuna aliyesema. Nikaona kwamba sasa inafaa. Nilimsimulia kila kitu karibu na lile sikio zima: Kitura, homa, mvua, mzigo wa kuni, ghala la mahindi, mbuzi waliofunguka. Nilipomaliza aliniuliza yule mwanamke aliitwa nani. Nikamwambia Bibi hakumjua kwa jina, alimwita Mama tu. Akaniuliza nyumba yake ilikuwa wapi. Hilo nililijua, Bibi aliwahi kunionyesha tukiwa tunashuka hospitali.

Alitaka twende saa ileile. Tuliteremka polepole, amenishika bega. Pale mahali hakuna nyumba tena, wala msingi. Ni kijiwe cha bodaboda, chini ya mikaratusi, na vijana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao wakisubiri watu wanaotoka hospitali. Baba Mkubwa alivua kofia. Alisimama katikati yao akatazama ardhi, akainua macho kuelekea wodi, kama mtu anayepima umbali wa kutembea na mtoto mgongoni. Kijana mmoja aliwasha pikipiki akamsogelea, akampa Shikamoo, akamwuliza, "Tunakwenda wapi, Babu?"

"Marahaba," alijibu. "Hapahapa, mwanangu. Nimefika."